Mafundi wa Ndeeba, Kampala, waliotusagia sakafu ya mvule: msasa safi, vanishi uwakalie

Nianze na jibu kabisa maana najua wengine mtasoma mistari miwili mkimbie. Kwa kupiga msasa, hawa jamaa wapeni kazi, wanajua. Kwa vanishi wapeni pia lakini mkae hapohapo au mtafute mtu wa kuwakalia. Na ile huduma ya kila mwezi wanayokuuzia wakishamaliza, eti watakuwa wanakuja kupolishi, hiyo msikubali kabisa, nitafika huko.

Jina la biashara yao siliandiki kwa sababu humu kuna lawama na mi sitaki kesi na mtu. Ukifika Ndeeba pale kwa wauza mbao uliza mafundi wa sakafu za zamani wenye mashine, utaonyeshwa, na wako zaidi ya kundi moja na kwa ninavyosikia wengi wanafanya kazi kwa mtindo mmoja, kwa hiyo haya yatakusaidia hata ukiangukia kwa wengine.

Sisi tunakaa Entebbe, zile nyumba za zamani za serikali zenye dari refu na madirisha ya chuma. Sakafu ni mvule, mvule wenyewe, sio vile vigae vya plastiki vyenye picha ya mbao vilivyojaa madukani siku hizi (vile havisagwi jamani, ukisaga picha imeisha, usimwite fundi). Ni vibao vidogo vya parketi vimepangwa vitanovitano, kikundi kimoja kimelala kingine kimesimama, sebule yote mpaka koridoo. Waliokaa kabla yetu walikuwa wanapaka polishi nyekundu ya kopo, ile ya simenti, juu ya mbao, mwaka nenda mwaka rudi, hadi tunahamia sakafu ina rangi ya maini. Ukivaa soksi nyeupe asubuhi jioni ni nyekundu. Watoto magoti mekundu. Shemeji yangu alinishauri nitandike zulia tu nisahau.

Mkubwa wao tunamwita Hajji, ni Mnubi wa Bombo kwa hiyo Kiswahili kinatiririka, hilo peke yake lilinipa raha maana mafundi wengine huku tunaongea kwa ishara. Kilichonifanya nimpe kazi ni kwamba hakukimbilia kupima mita na kutaja bei. Alivua viatu, akatembea sebule nzima taratibu akigongagonga kwa mpini wa nyundo, na kila akisikia sauti ya utupu anaweka alama ya chaki. Penye sauti ya utupu kibao kimeachia chini. Karibu na mlango wa jikoni alikuta kimoja kinacheza, akakichomoa kwa ncha ya kisu, akanionyesha chini: lami. Walikuwa wanabandika kwa lami zamani zile, nyeusi, imekauka inapasuka kama biskuti. Akapima unene wa kibao kwa tepu, milimita 8 haijafika. Akaniambia, "Mama, hii ilishasagwa huko nyuma. Kila ukisaga mpaka mbao tupu unaondoa nusu milimita mpaka moja. Bado ina msasa mmoja, labda miwili, baada ya hapo ni kung'oa." Mafundi wawili niliowaita kabla yake hakuna aliyeinua hata kibao kimoja, walitaja tu bei.

Afu akachukua kitambaa chenye tapentaini akasugua pembeni ya miguu ya kochi. Kitambaa kikatoka chekundu. Maana yake hapo hakuna vanishi hata tone, ni nta tupu. Na hili ni muhimu kwa yeyote mwenye sakafu iliyowahi kupakwa polishi: vanishi haishiki juu ya nta, itakaa siku chache ianze kubanduka. Na ukipeleka mashine moja kwa moja juu ya nta, joto la msasa linaiyeyusha, msasa unaziba, na nta nyingine inazama ndani ya mbao. Kwa hiyo walianza kwa tapentaini na vikwangulio vya mkono, madirisha yote wazi, kazi chafu ya kuchosha, na hapo vijana wake walinifurahisha, hawakuruka hata nyuma ya milango.

Kitu kingine kabla sijasahau. Baadaye kwenye vanishi kijana mmoja alikusanya vitambaa vilivyotumika akavifunga kwenye mfuko wa plastiki akautupa kwenye kona ya stoo. Hajji alimfokea vizuri sana. Vitambaa vyenye vanishi ya mafuta au mafuta ya kitani ukivirundika vinapata joto vyenyewe na vinaweza kuwaka moto bila kiberiti. Vilianikwa kwenye seng'enge nje vikakauka kimojakimoja. Mkipaka wenyewe nyumbani hilo shikeni.

Sasa msasa. Mashine kubwa ni ile ya ngoma, ngoma inazunguka imevishwa msasa, inavuta umeme vibaya sana, na ukisimama nayo sehemu moja sekunde mbili tu imeshachimba shimo la kukaa maji. Aliyeishika hakusimama hata mara moja, anainua ngoma kwanza ndo anageuka. Walianza na msasa namba 40, wakaja 60, wakaja 80, wakamalizia 120 (namba ikikua msasa ni laini zaidi). Fundi wa haraka haraka anaruka kutoka 40 kwenda 120, kwa macho huoni kitu, ukishapaka vanishi mistari yote inajitokeza ikikukodolea macho hasa jua la jioni likiingia dirishani. Kingo za ukuta wana mashine ndogo ya duara, kona kabisa wanakwangua kwa mkono. Niliinama kila kona na tochi ya simu, sikuona duara duara zile za mashine ndogo. Hapo alama zote.

Mvule una tabia zake. Kwanza, kuna wakati mashine ilipiga kelele ya ajabu na cheche ikaruka, nikadhani ni msumari. Hajji akacheka, akasema ni jiwe la mvule. Kumbe mti wenyewe hujitengenezea vijiwe ndani, chokaa ile, imekaa ndani ya mbao tangu mti uko msituni, ndo maana wapasua mbao Ndeeba wanaulaani misumeno ikiisha makali. Pili, vumbi lake ni baya. Linawasha, linabana kifua, mwenye pumu asikae humo. Vijana walikuwa wamejifunga leso puani, hiyo haitoshi, wanunulieni barakoa nzuri hata kama wao hawaombi. Mi nilipeleka watoto kwa bibi yao Kitooro mpaka mambo yakaisha.

Tatu, rangi. Msishtuke. Sakafu ikishasagwa inatoka manjano, manjano ya kupauka hivi, baba watoto aliporudi alisimama mlangoni akauliza kama tumebadilisha mbao. Mvule ndo ulivyo, ukipata mwanga unarudi kahawia ya dhahabu taratibu kwa wiki na miezi. Kwa hiyo usikubali fundi akushawishi kupaka rangi ya kahawia wiki ile ile, ngoja mbao ijirudie yenyewe. Na usitandike zulia haraka, chini ya zulia patabaki pameupe na pembeni pameiva, utakuwa na ramani ya zulia kwa muda mrefu.

Kulikuwa pia na duara jeusi mahali palipowekwa chungu cha maua chenye kisahani cha bati. Chuma na maji vikikutana na mbao yenye tanini (kemikali ya asili ya mbao) vinatoa weusi unaozama ndani, msasa hauufikii. Walipaka asidi ya oksaliki, unga mweupe unachanganywa na maji, wakasubiri, wakasuuza, duara likabaki kivuli tu. Ile ni sumu, glavu na watoto mbali.

Sasa lawama zinaanza. Nyufa kati ya vibao walijaza kwa vumbi la msasa lililochanganywa na gundi nyeupe ya maseremala. Wazo la kutumia vumbi la mbao yenyewe ni zuri, rangi inakaribiana, lakini gundi nyeupe ikikauka hainywi vanishi sawa na mbao, kwa hiyo penye nyufa pana kuna vistari vinavyoonekana tofauti. Kuna kimiminika maalum cha kuchanganyia vumbi hilo na wao wanakijua, ila ni bei, na hawakuniuliza. Ningelipa. Uliza wewe kabla.

Vile vibao vilivyokuwa vimeachia walivirudisha vizuri, walikwangua lami ya zamani kwanza maana gundi mpya haishiki juu ya lami. Kweli. Isipokuwa viwili koridoo ambavyo chaki yake ilifutika mtu akakanyaga, hivyo vimeanza kulia tena.

Umeme. Ulikatika katikati ya kazi kama ilivyo ada, jenereta waliyokuja nayo haina nguvu ya ile mashine kubwa, ngoma inazunguka kivivu inachoma mbao badala ya kusaga. Hajji alikataa kuendelea nayo, alifanya vizuri, wakakaa chini ya mwembe kunywa chai. Ila siku ile walinitoza posho. Na ada ya expressway (ile barabara ya kulipia ya Kampala hadi Entebbe) ya kwenda na kurudi pia waliiweka kwenye bili yangu, sijui nani aliwaambia barabara ya zamani ya Kajjansi imefungwa.

Vanishi ndo palipoharibika kidogo. Nilitaka ile ya maji kwa sababu haina harufu kali na inakauka ndani ya saa chache, unaweza kupaka mikono miwili (yaani mara mbili, tabaka juu ya tabaka) siku moja. Hajji akashauri ya mafuta, poliyurethani, anasema ni ngumu zaidi kwa familia yenye watoto na mbwa na inaipa mvule rangi ya asali. Sikatai. Lakini mvule una mafuta na utomvu wake ambao unachelewesha vanishi ya mafuta kukauka, na hilo fundi wa mvule anatakiwa kulijua: unafuta mbao kwa thina kwanza unapaka upesi, au unatanguliza mkono wa kuziba, shelaki. Yeye analijua, alinieleza mwenyewe. Ila siku ya kupaka Hajji alikuwa na kazi nyingine Kololo akawaacha vijana, na vijana hawakufuta. Mkono wa kwanza kesho yake bado unanata. Kesho kutwa bado unanata karibu na ukuta. Na ilikuwa Novemba, mvua kila siku, hewa yenyewe ina maji, ndo kabisa. Kama una uwezo wa kuchagua, fanya kazi hii Januari au Julai, sio Aprili wala Novemba.

Afu nzi wa ziwani. Wanaokaa Entebbe mnajua. Vijana walichelewa, wakawasha taa, madirisha wazi kwa sababu ya harufu, na zilikuwa siku za mwezi mwandamo ambazo wale nzi ndo wanatoka ziwani kwa wingi. Sihitaji kuendelea. Asubuhi sakafu ina madoa madoa kila mahali penye taa, ukiinama unaona mbawa. Nikampigia Hajji, nikamwambia, "Hajji, njoo uone nyama ulizonipakia." Alikuja mwenyewe, kwa haki nimsifu, hakubishana, alifunga madirisha upande wa ziwa kwa neti, akawasimamia wakapiga msasa mwepesi wa 220, wakafuta vumbi kwa kitambaa chenye thina, wakapaka mkono wa pili na wa tatu asubuhi mapema taa zimezimwa. Ukitazama sasa hivi huoni kitu. Isipokuwa chini ya meza ya kulia, kuna mmoja amebaki humo, watoto wamempa jina.

Bei niliyolipa: shilingi 28,000 za Uganda kwa mita ya mraba, msasa na vanishi mikono mitatu, nusu nililipa kabla. Kutoa nta waliongeza juu, hilo sina neno maana ni kazi kweli. Kuna wa bei ya chini, lakini hao ndo wale ambao hawakuinua kibao.

Kuhusu kuitunza, sasa nifike kwenye ile huduma ya mwezi. Walichotaka kunifanyia kila mwezi ni kupaka nta juu ya vanishi mpya. Yaani turudi kulekule tulikotoka! Nta juu ya poliyurethani haikusaidii kitu, inateleza, inashika vumbi, na siku vanishi ikichoka ukitaka kupaka mkono mmoja tu juu ili usisage tena, huwezi, kwa sababu kuna nta. Nilimuuliza Hajji akacheka tu akasema, "Mama, wateja wanapenda kung'aa." Basi sawa.

Mimi ninachofanya ni kidogo sana. Kufagia kila siku kwa mfagio laini, sio ule wa njiti, kwa sababu adui mkubwa ni lile vumbi jekundu la nje, chembe zake ni mchanga na kila ukizikanyaga zinakwaruza vanishi. Mkeka wa kufutia miguu nje na mwingine ndani, na viatu vinabaki mlangoni, huku Uganda si tunavua tu. Kupiga deki mara moja kwa wiki, tambara limekamuliwa mpaka halitoi tone, sabuni ya maji kidogo sana isiyo kali, halafu kitambaa kikavu nyuma yake. Hakuna kumwaga ndoo. Dada wetu wa kazi amezoea deki ya Kiganda kweli kweli, kuinama na tambara linalotiririka, maji yanaenda mpaka yanaingia kwenye nyufa, na mbao ya parketi ikinywa maji inavimba, inasukumana, inanyanyuka katikati. Tulielewana baada ya mimi kumwonyesha lami chini ya kile kibao cha jikoni. Omo, Jik na siki, hapana. Zile mashine za mvuke wanazouza kwenye maduka makubwa, hapana, mvuke unaingia kwenye maungio. Miguu ya viti nimebandika vipande vya zulia kuukuu, gundi ya viatu inatosha, vikichakaa unabadilisha.

Mama mkwe hajakubali. Yeye kwake ni mshumaa kuyeyushwa na mafuta ya taa, unapaka sakafu inang'aa na viroboto wanakufa, alilelewa hivyo na kwa kweli sakafu ya kwake Mityana inang'aa, ila ni simenti. Alipokuja alitaka kunisaidia, nikakuta sufuria ya nta na mafuta ya taa iko juu ya sigiri inawaka. Nilimwomba kwa heshima zote, "Mama, hii tuipeleke kwenye baraza ya nje." Ile kitu kuichemsha juu ya moto ni kuchezea nyumba, na juu ya vanishi ni uharibifu tu. Baraza sasa inang'aa, amefurahi, na mimi pia.

Kujua kama vanishi bado iko hai, dondosha tone la maji mahali panapokanyagwa sana, mlangoni au mbele ya kochi. Likikaa juu limejikusanya, uko sawa. Likizama na mbao ikawa nyeusi ndani ya dakika chache, mwite fundi apige msasa mwepesi apake mkono mmoja, usisubiri mpaka mbao ipauke, kwa sababu hapo ni kusaga tena na hivi vibao vyetu vimebaki labda na mara moja tu, Hajji kasema.

Kwa jumla nawapa nyota tatu na nusu. Ingekuwa nne na nusu kama Hajji angekuwepo siku ya vanishi. Ukiwapa kazi mwandikieni kwenye karatasi ya malipo vitu viwili: mkubwa awepo siku ya kupaka, na vibao vitakavyoachia ndani ya miezi mitatu warudi bure. Vyangu viwili vya koridoo ameahidi kuvipitia akija Entebbe kwa mteja mwingine, na amesema ada ya expressway safari hii ni juu ya huyo mteja.